Keir Hardie: mutoto wa mugodi mwenye tunamufuata kwenye vitabu vya eta sivili

Sisi watu wa sendika tuko na babu zetu. Si babu wa damu, ni babu wa kazi. Mumoja wao ni James Keir Hardie, mutu wa Uskoti, ile inchi yenye kwa Kifaransa tunaita Écosse. Alishuka mu mugodi akiwa na miaka 10. Kisha akakuwa sekretere wa sendika ya wachimbaji, akaingia mu bunge la Uingereza mwaka 1892, na akawa mumoja wa wale walianzisha chama cha wafanyakazi chenye kinaitwa Labour. Alikufa mwaka 1915.

Wenye wanamujua Hardie wanamujua juu ya siasa. Leo tunataka kumufuata kwa njia ingine, njia ya karatasi: kitabu cha kuzaliwa, kitabu cha ndoa, hesabu ya watu, kitabu cha kufa. Tumechagua njia hiyo juu ya sababu moja. Maisha ya Hardie inaonyesha wazi jambo lenye sisi tunagongana nalo kila juma mu biro ya sendika: mufanyakazi anaweza kutoa jasho miaka 30, lakini kama jina lake, ndoa yake na watoto wake haviko mahali fulani kwenye kitabu, siku ya haki jamaa yake inabaki inje ya mulango.

Vitabu vyenye vilimungojea

Zamani, kule Uskoti ni kanisa njo iliandika ubatizo na ndoa. Maskini wengi, na watu wa makanisa mengine, hawakuonekana mu vitabu hivyo. Tangu tarehe 1 Januari 1855 serikali ikakamata kazi ile. Kila mutoto mwenye kuzaliwa, kila ndoa, kila kifo, karani wa serikali aandike.

Vitabu vya Uskoti viko na uzuri wao. Mutu akioa, wanaandika majina ya wazazi wa bwana arusi na ya wazazi wa bibi arusi, hata na kazi ya baba. Mutu akikufa, wanaandika tena wazazi wake. Kwa hiyo mwenye kutafuta babu yake anaanza na karatasi ya mwisho, ile ya kufa. Pale anapata wazazi. Kwa wazazi anapata ndoa yao, na kwa ndoa anapata babu na bibi. Anarudi nyuma pole pole, sawa mutu mwenye anashika kamba katika giza.

Tena, kila miaka 10 kulikuwa hesabu ya watu: 1861, 1871, 1881, na kuendelea. Karani alipita nyumba kwa nyumba. Aliandika nani alilala pale usiku ule, ni ndugu gani kwa mwenye nyumba, ana miaka ngapi, ameoa ao bado, anafanya kazi gani, alizaliwa wapi. Kule Uskoti, tangu 1861, waliuliza hata vyumba ngapi vya nyumba viko na dirisha. Unaona wenyewe: mutu wa leo akisoma mustari ule, anajua kama babu yake aliishi na jamaa yote mu chumba kimoja. Vitabu vya hesabu vinafungwa miaka 100, kisha kila mutu anaruhusiwa kuvisoma.

Jina la kwanza: James Kerr

Hardie alizaliwa tarehe 15 Agosti 1856, kule Legbrannock, karibu na Holytown, mu jimbo la Lanarkshire. Ilikuwa inchi ya makaa ya mawe na ya chuma. Vitabu vya serikali vilikuwa havijafikisha hata miaka mbili. Kama angezaliwa mbele kidogo, mutoto wa mwanamuke maskini vile, pengine hakuna karatasi yenye ingemushuhudia.

Mama yake aliitwa Mary Keir. Alikuwa mutumishi wa shamba na alikuwa hajaolewa. Kitabu kiliandika mutoto kwa jina la James Kerr, yaani Keir ya mama imekuwa Kerr kwenye karatasi. Sisi hatushangai. Huku kwetu jina moja la Kiluba ao la Kibemba linaweza kuandikwa namna tatu kwenye karatasi tatu, na siku ya kufungua dosiye mutu anaambiwa ni watu watatu. Baba mwenye anatajwa ni William Aitken, mufanyakazi wa mugodi. Na wakati ule, mutoto sawa huyo, karani alipashwa kumwandika mutoto wa inje ya ndoa.

Basi mutu mwenye kisha miaka 36 angeingia mu bunge la Uingereza, maisha yake ilianza na mustari wenye kumuhukumu. Yeye alikuwa na siku chache tu. Hakukuwa amefanya neno lolote.

Jina la pili: Hardie

Mwaka 1859 Mary Keir aliolewa na David Hardie, seremala wa meli. James alikuwa bado hajatimiza miaka 3. Hapa wasomaji waelewe: wakati ule Uskoti haikukuwa na sheria ya kumufanya mutoto wa mwingine kuwa mutoto wako mbele ya serikali. Sheria ile ilikuja paka mwaka 1930. Basi James hakupata jina la Hardie kwa tribinali. Alilipata kwa kuishi, kwa kula kwenye sahani moja na wadogo wake wenye walizaliwa nyuma.

Hesabu ya watu ya tarehe 7 Aprili 1861 ilimukuta na miaka 4. Karani wa hesabu hakuombaka acte ya kuzaliwa. Aliandika vile watu wa nyumba walimwambia. Kwa njia hiyo watoto wengi wa wakati ule walipata jina la mutu mwenye aliwalisha. Kitabu cha kuzaliwa kinasema nani alimuzaa mutoto; hesabu ya watu inasema nani alimulea. Mwenye kutafuta anahitaji vyote viwili, juu kimoja peke yake kinaweza kumudanganya.

Jamaa ilihamia upande wa Glasgow, kwenye viwanda vya meli. James hakusoma sawa watoto wa matajiri. Akiwa na karibu miaka 8 alianza kutumwa huku na kule kwa mushahara kidogo. Kisha mabwana wa viwanda wakafungia wafanyakazi milango, na David Hardie akabaki miezi mingi pasipo kazi. Nyumba nzima ikaangalia pesa ya mutoto mumoja, mwenye alikuwa anapeleka mikate ya muuzaji mumoja tajiri. Mu nyumba mutoto mudogo alikuwa mugonjwa wa kufa na mama alikuwa mujamuzito. James akachelewa kazini mara mbili. Alikuwa amekesha na mugonjwa. Tajiri yule, mwenye alisifiwa kwa sala zake, akamufukuza na kumukatia mushahara wa juma nzima. Maandiko ya Hardie ya nyuma inaonyesha kama hakusahau siku ile hata akiwa muzee.

Miaka 10, na mulango wa hewa

Baba akarudi baharini, mama akarudisha watoto Lanarkshire. James akashuka mu mugodi wa makaa ya mawe kule Newarthill. Alikuwa na miaka 10.

Ile 10 si namba ya bure. Sheria ya mwaka 1842 ilikataza wanawake na wasichana kufanya kazi chini ya udongo, na vijana wanaume wenye hawajafikisha miaka 10. Lakini mbele ya 1855, nani angehakikisha miaka ya mutoto? Mutoto alikuwa na miaka yenye baba yake alisema, na baba mwenye njaa anaongeza. Kuandikwa kwa kuzaliwa njo kulifanya sheria ya kazi ya watoto iweze kutembea. Wale wanaopita karibu na karyeri za Kolwezi ao za Likasi, na wanaona watoto wanaosha mawe mu maji, wanajua tunasema nini. Mutoto pasipo acte ya kuzaliwa hana miaka. Na mutoto mwenye hana miaka, kila mutu anaweza kumufanyisha kazi.

Kazi ya James ilikuwa kulinda mulango wa hewa. Wachimbaji wenzetu wa chini wanaelewa. Mu mugodi wa makaa kuna gasi yenye kuwaka. Hewa safi inasukumwa kwa njia moja, na milango inailazimisha kupita mahali watu wanachimba. Mulango ukibaki wazi, hewa inakata njia, gasi inajikusanya, na taa moja inatosha kuua watu mia. Mutoto alikaa pale mu giza karibu saa 10 kwa siku. Gari la makaa likikuja, anafungua, likipita, anafunga. Maisha ya wanaume wakubwa ilikuwa mu mikono ya mutoto wa miaka 10. Wakati wa baridi aliona jua paka siku ya Mungu.

Hesabu ya tarehe 2 Aprili 1871 ilimukuta na miaka 14. Mu inchi ile kijana wa mugodi wa miaka 14 alihesabiwa mufanyakazi kamili. Kusoma alikuwa amefundishwa na mama. Kuandika alijifunza kwa nguvu zake, kwenye masomo ya usiku, kisha saa za kazi. Alijifunza hata yale maandishi ya haraka yenye masekretere wanatumia: alikamata jiwe bapa, akalifanya jeusi na moshi wa taa ya mugodi, akaandika juu yake na pini. Hayo yote chini ya udongo, wakati alikuwa anangojea gari.

Jina la tatu: bwana wa nyumba, na sekretere

Mwaka 1879, akiwa na miaka 22, Hardie akaoa Lillie Wilson. Walijuana mu kazi ya kupinga ulevi, juu Hardie alichukia pombe vile iliharibu nyumba za wachimbaji. Mu vitabu vya ndoa vya Uskoti, mwenye hakujua kuandika alitia alama ya musalaba, na karani akaandika kama hiyo ni alama yake. Alama za musalaba ni mingi sana mu ndoa za wachimbaji wa siku zile. Hardie alijua kuweka sinyatire yake. Kwa mutu mwenye alianza kazi pasipo shule, hiyo haikuwa kitu kidogo.

Mwaka ule ule wachimbaji wa Hamilton wakamuchagua kuwa sekretere wao. Mabwana walikuwa wanakata mishahara. Hardie na wadogo zake walifukuzwa mu mugodi, na majina yao ikaingia mu kitabu kingine. Kitabu kile hakikukuwa cha serikali na hakikufunguliwa kwa watu: ilikuwa liste ya mabwana, yenye kusema nani asipewe tena kazi. Tukumbuke hiyo vizuri. Mabwana hawakuacha hata siku moja kuandika majina. Wao walijua nguvu ya kitabu mbele ya sisi kuijua.

Mugomo wa Lanarkshire wa 1880 ulifanya nyumba ya Lillie na James ikuwe jiko la wagomaji. Mugomo ukashindwa. Wakahamia Cumnock, mu jimbo la Ayrshire, kwa kupanga wachimbaji wa kule. Mugomo wa Ayrshire wa 1881 uliomba ongezo la mushahara, ukadumu karibu wiki 10, na ukaisha kwa njaa. Hardie hakukimbia. Alifanya kazi ya gazeti kwa kulisha jamaa, na pole pole akajenga tena. Mwaka 1886 sendika ya wachimbaji wa Ayrshire ilisimama na yeye akakuwa sekretere. Mwaka 1887 alianzisha gazeti lake, The Miner, maana yake Muchimbaji.

Wakati huu wote alikuwa anaandika jina lake James Keir Hardie. Tulisome neno kwa neno. Hardie ni jina la mwanaume mwenye alimulea. Keir ni jina la mama yake, lile lenye karani aliharibu mwaka 1856. Mutoto alikuwa amelirudisha mahali pake, na akaliweka katikati ya jina lake wazi mbele ya inchi yote. Kwa maoni yetu, hakuna mutu mwenye haya ya mama yake mwenye anafanya vile.

Ndani ya bunge

Mwezi wa Aprili 1888 alijaribu kuingia bunge kwa Mid-Lanark, karibu na mahali alizaliwa. Alipata kura 617 tu. Hakuvunjika moyo. Mwaka ule ule yeye na wenzake wakaunda chama cha wafanyakazi cha Uskoti. Mwaka 1892 watu wa West Ham South, upande wa mashariki ya London, wakamuchagua. Wabunge walivaa koti ndefu nyeusi na kofia ya hariri. Hardie aliingia na kofia ya kitambaa, sawa mufanyakazi. Januari 1893, kule Bradford, aliongoza mukutano wenye ulizaa Independent Labour Party.

Tunafika kwa siku yenye wachimbaji wa dunia yote wangepashwa kujua. Tarehe 23 Juni 1894, mugodi wa Albion wa Cilfynydd, kule Welisi, ao Pays de Galles, ulilipuka. Wanaume na vijana 290 walikufa. Miili mingi ilikuwa imeungua hata haikutambulika, na wafu wamoja walipelekwa kwenye nyumba isiyokuwa yao. Muwaze mama mwenye analia juu ya maiti usiku muzima, na asubui anaambiwa si mutoto wake.

Siku ile ile ya 23 Juni, mutoto wa kifalme alizaliwa, kitukuu cha malkia Victoria. Siku moja nyuma, prezida wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu kule Lyon, akafa. Bunge la Uingereza likatuma pole kwa Ufaransa. Likajipanga kupongeza malkia juu ya kitukuu. Hardie akaomba neno moja la pole kwa wajane wa Cilfynydd liongezwe. Wakakataa. Tarehe 28 Juni akasimama peke yake akazungumuza juu ya wafu wale, na wabunge wakamupigia kelele. Mutoto mumoja, jina lake liliandikwa na kuimbwa mu inchi yote. Wachimbaji 290, bunge halikutaka hata kutaja kama walikuwa. Mwaka 1895 Hardie akapoteza kiti.

Karatasi yenye inaleta mukate

Sheria zilianza kugeuka. Mwaka 1897, Hardie akiwa inje ya bunge, Uingereza ilipiga sheria ya kulipa ajali za kazi, na migodi ilikuwa ndani. Mufanyakazi akikufa kazini, jamaa yenye aliilisha inapata mushahara wa miaka 3, chini kabisa paundi 150, juu kabisa paundi 300. Lakini sheria ile ilikuja na swali lake: wewe unalia hapa, uko nani kwa marehemu? Pale kitabu cha ndoa, chenye watu waliona ni mambo ya kanisa na ya sherehe, kikageuka mukate wa mujane.

Hardie alirudi bunge mu Oktoba 1900, akichaguliwa na watu wa Merthyr Tydfil, mu Welisi ya wachimbaji. Mwezi wa Februari mwaka ule alikuwa London kwenye mukutano wenye uliunganisha sendika na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1906 wabunge wa wafanyakazi walikuwa 29, na Hardie akakuwa mukubwa wao wa kwanza.

Mwaka 1908 bunge likapitisha sheria ya pansiyo ya wazee: shilingi 5 kwa juma tangu miaka 70, kuanza kulipwa Januari 1909. Swali likarudi: nani anaweza kuhakikisha kama ana miaka 70? Kule Irelande hali ilikuwa nguvu zaidi, juu serikali ilianza kuandika kuzaliwa kwa watu wote paka mwaka 1864. Basi wazee wakaomba makarani watafute mu hesabu ya watu ya 1841 na ya 1851. Kama kitabu cha 1851 kinaonyesha mutoto wa miaka 12 mu nyumba ya fulani, muzee anapata shilingi zake. Mutu mwenye alihesabiwa akiwa mutoto, pasipo kujua sababu gani muzungu wa serikali alikuja kuandika jina lake, hesabu ile ilikuja kumulisha kisha miaka 58.

Mwaka ule wa 1908 Hardie alifika hata Afrika ya Kusini. Kule alitetea wafanyakazi weusi, akataka nao walindwe mu kazi na mu mishahara. Wazungu wengi, hata wafanyakazi wenzake, walikasirika, na mukutano wake wa Johannesburg ulivurugwa. Sisi wa migodi ya Afrika tunamuwekea nafasi mu roho juu ya hiyo.

Mistari ya mwisho

Hesabu ya tarehe 2 Aprili 1911 ilileta swali jipya kwa wanawake wenye kuolewa: ulizaa watoto wangapi mu ndoa hii, na wangapi wako wazima? Lillie alikuwa amezaa wane: Jamie, Sarah, Nan na Duncan. Sarah alikufa akiwa mutoto mudogo. Miaka ile yote bwana alikuwa London, Welisi, India, Afrika. Lillie alibaki Cumnock na watoto, na pesa kidogo. Vitabu vya siasa vinamusahau Lillie mara mingi. Hesabu ya watu haisahau mwanamuke: inauliza alizaa nani, na alizika nani.

Vita ya 1914 ikakuja. Hardie aliipinga. Kule Aberdare, mu jimbo lake mwenyewe, watu wenye walimuchagua wakamupigia kelele hata hakuweza kuendelea. Aliona wachimbaji wa Uingereza na wachimbaji wa Ujerumani wanauana, na roho yake ikavunjika. Alikufa Glasgow tarehe 26 Septemba 1915, na miaka 59. Wadogo zake wawili, George na David, nao walikuja kuingia bunge. Jina la Hardie, la yule seremala wa meli, likabaki mu bunge kwa watoto wake wa damu, kisha kufunguliwa mulango na yule mwenye hakuzaa.

Na huku kwetu?

Hesabu ya watu ya mwisho huku Kongo ilifanyika mwaka 1984. Mutoto mwenye alihesabiwa wakati ule akiwa ku mugongo ya mama, leo amepita miaka 40, ana watoto, na wamoja wako tayari na wajukuu. Watu wenye walizaliwa kisha pale hawajahesabiwa hata mara moja. Kwa mufanyakazi wa mugodi hiyo si mambo ya wanasiasa tu. Inamaanisha kama hatuna kitabu cha pili chenye kinaweza kutusaidia pale kitabu cha kwanza kimepotea. Wale wazee wa Irelande walikuwa na 1841 na 1851. Sisi, kama acte imekosa, tunabaki na maneno ya majirani.

Tunaona mambo mu sendika. Bwana anakufa chini ya jiwe. Muke aliishi naye miaka 20, mahari ililipwa, jamaa zote mbili zilikula. Lakini ndoa haikuandikwa kwa komini. Kisha matanga, muke mwingine anatokea na karatasi, ao wandugu wa bwana wanakamata vyombo, ao biro yenye kulipa inasema dosiye haitimie. Watoto wane, wawili wako na acte, wawili hapana. Wawili wanalipiwa, wawili wanaangalia. Hakuna mutu mubaya sana mu habari hii. Kuna mistari tu yenye haikuandikwa.

Sheria yetu iko. Mutoto anapashwa kuandikwa ku eta sivili mu siku 90 kisha kuzaliwa, na kumwandika ni bure. Ndoa ya mila inaandikwa vilevile, na ikisha kuandikwa ina nguvu mbele ya serikali. Basi tunaomba wadelege wa kila mugodi wafanye kazi moja yenye haiombe pesa wala mugomo. Mufanyakazi mupya akiingia mu sendika, mbele ya kumwomba mchango, mumuulize mambo matatu: uko na acte yako ya kuzaliwa? Ndoa yako iliandikwa? Watoto wako wote wako na acte, hata wale wenye ulipata na muke wa kwanza, hata yule wa inje? Na majina ifanane kwenye karatasi zote, herufi kwa herufi. Kama Keir imekuwa Kerr, musahihishe leo, wakati mwenye jina yuko muzima wa kusema ni yeye.

Na yule mutoto wa inje, musimufiche. Mu Uskoti ya 1856 walimwandika kwa neno la haya, lakini walimwandika. Juu ya mustari ule, leo tunajua siku alizaliwa, tunajua mama yake alikuwa mutumishi wa shamba, na tunajua kama damu ya mugodi ilikuwa mu mwili wake mbele hajashuka chini. Mutoto mwenye haandikwe, hata kama atakuwa mukubwa kupita Hardie, wajukuu wake hawataweza kumufuata.